Fomu Thelathini na Nane

9 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai mguu umepunguza maumivu, na kwamba Shangazi bado anakukumbusha vidonge vya asubuhi hata ukimnunia. Mimi ni mzima, nalala vizuri, nakula kwa wakati. Kwa hiyo usiniulize tena ukurasa mzima kama barua iliyopita.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Juzi nilikwambia nimebadilishiwa kazi, ukanijibu kwamba huko mvua bado.

Kazi yenyewe ni hii. Taasisi yetu imetengeneza programu ya kompyuta ya mezani ya kuwasaidia madaktari kutafuta data za tafiti za afya. Zamani mtu akitaka kujua jambo alifungua makabati na kupekua majalada wiki nzima. Sasa anaandika kwenye kisanduku, tuseme "homa, chini ya miaka miwili", na majedwali ya tafiti za miaka thelathini yanajileta. Akibofya namba moja, picha ya fomu yenyewe inafunguka, ile ile iliyojazwa kwa kalamu. Majina ya watoto yamefunikwa kwa weusi. Mimi naijaribu kabla haijasambazwa: nabofya kila mahali, natafuta mambo ya kipuuzi, ikikosea naandika. Yaani nalipwa kwa ubishi. Umenilea vizuri.

Sasa sikiliza. Jana nilifungua fomu moja ya uzito wa watoto nikaona saba yenye mstari katikati na mkia uliopinda, kama ile uliyokuwa ukinifundisha nayo hesabu. Nikatazama juu ya fomu: Mkusanyaji namba 17. Ndiyo namba iliyokuwa kwenye kitambulisho chako cha kazi. Nikaandika 17 kwenye kisanduku, zikaja zako tupu, fomu elfu mbili na zaidi, za miaka kumi na moja. Nilizozifungua zote zimekunjwa mara nne, za kuingia mfuko wa shati. Nyingine zina matone ya mvua. Nilitaka kumwita mwenzangu wa meza ya pili aje aone, kisha nikaona haya. Hapa hakuna anayejua kwamba 17 ni baba yangu.

Mwanao,
Mama Kwanini

22 Machi

Mwanangu Mama Kwanini,

Marahaba. Mguu upo, hauna jipya. Shangazi yako nimemsomea barua yako mara mbili, na mara ya tatu akajisomea mwenyewe kwa sababu anadai mimi naruka sehemu. Anasema siku zote alijua mwandiko wangu ungefika mbali kuliko mimi.

Umenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Tulikuwa tukizijaza zile fomu, tunazifunga kwa kamba, gari linazichukua Ijumaa, na hatuzioni tena. Nilidhani zimeliwa na panya zamani. Unakumbuka ile mizani ya kuning'iniza? Nilikuwa naifunga kwenye boriti ya mlango, mtoto anawekwa kwenye mfuko wa turubai, miguu inatoka matunduni, anatulia kidogo akishangaa, halafu anaanza kulia. Hapo katikati, kabla hajalia, ndipo unapotakiwa usome namba. Akishaanza kurusha miguu, mshale unacheza. Na hayo matone unayosema ya mvua, mengine si mvua, ni jasho. Mashati yangu yalivumilia mengi.

Nikuulize kidogo. Hiyo programu inaonyesha fomu zote, au zile nzuri tu? Na huyo daktari anayetafuta, anaweza kujua fomu ni ya siku gani na ya mtu gani? Nauliza tu. Mtu akizeeka anapenda kujua vitu vyake viko wapi.

Kula vizuri. Nimeuliza kwa mstari mmoja, uridhike.

Baba yako

7 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo, na ya Shangazi mfikishie. Nilikuwa na mafua wiki mbili, sasa nimepona, imebaki sauti ya chura.

Nimechelewa kujibu, na mafua siyo sababu. Ulichouliza ndicho kilichonikuta. Programu inaonyesha zote. Haijui nzuri wala mbaya mpaka mtu aiambie.

Kuna kitufe kipya kinaitwa "Zinazofanana". Ukikibofya, kinatafuta fomu ambazo vipimo vyake vinakaribiana kuliko kawaida. Ili kukijaribu nilihitaji data ambazo najua ni safi, nione kama kitaniletea orodha tupu. Nikachagua Mkusanyaji 17. Nilikuchagua kwa kuringa, nakiri.

Kimeleta fomu thelathini na nane.

Zote ni za Julai hadi Septemba, mwaka ule Mama alipofariki. Joto la mwili ni 36.8 karibu kwa kila mtoto. Uzito unaishia kwenye kilo kamili au nusu, na wewe kwenye fomu nyingine uliandika hadi gramu. Hakuna mtoto aliyekonda hata mmoja. Na hazijakunjwa, Baba. Zimenyooka kama zimeandikiwa mezani. Namba 23 ina uzito uliokatwa, 9, na juu yake umeandika 10.5.

Huenda mizani iliharibika mkapewa nyingine. Huenda kuna jambo ambalo mimi silijui. Niambie tu. Sijamwonyesha mtu.

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Hapa ni wazima.

Mizani haikuharibika. Nilifanya kazi ile miaka kumi na moja, kwa miguu hii hii unayoiulizia kila barua, na hakuna msimamizi aliyewahi kunirudishia fomu. Sikujua kwamba nilikusomesha ili uje kunikagua.

Mambo yaliyopita yaache yapite. Shangazi anakusalimu.

Baba yako

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumai hujambo, maana kwako sina habari tangu Aprili. Barua yangu ya Mei hukuijibu. Shangazi kaniambia umeiweka chini ya redio na hujaifungua. Kwa hiyo hii nimeipeleka kwa jina lake, nikamwomba aifungue na kuiacha mezani mahali unapokaa kunywa chai. Usimgombeze. Nimemlazimisha mimi.

Nitakueleza kwa nini siwezi kuacha yapite.

Kuna daktari mmoja hapa, mwanamke, mtu wa maneno machache. Anatafiti dawa ya maji ya kuzuia degedege kwa watoto wadogo. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito. Lakini kwenye vituo vingi hakuna mizani, au ipo imekufa, na mhudumu anakisia kwa umri. Daktari anataka kumwandalia mhudumu huyo jedwali: mtoto wa miezi kumi na nane ana kilo kadhaa, mpe kiasi hiki. Ikipungua, degedege linarudi. Ikizidi, pumzi ya mtoto inalegea. Na kilo hizo anazitoa kwenye programu yetu. Amechukua mwaka ule ule, kwa sababu ndio mwaka pekee ambao umri wa mtoto uliandikwa kwa miezi. Kwa upande wa huko kwetu amepata fomu mia moja na nne. Thelathini na nane ni zile.

Wiki iliyopita alisimama nyuma ya kiti changu akitazama mchoro. Akasema, "Watoto wa eneo hili wako vizuri kuliko nilivyotegemea." Nikanyamaza. Nilinyamaza, Baba, na mikono yangu ilikuwa juu ya meza.

Kuna jambo jingine, na hili sikuwahi kukwambia. Mwaka ule nilikuwa shule ya bweni. Niliitwa siku ya mazishi. Jirani yetu fundi cherehani alinishika bega akaniambia baba yako ni mwanaume wa kazi, hakukosa hata siku moja, kila asubuhi tulimwona akitoka na mizani yake. Alidhani ananifariji. Mimi nilichosikia ni kwamba Mama alilala peke yake miezi mitatu, na wewe ulikuwa unapima watoto wa watu. Nimeishi na hilo miaka yote. Nilijiambia angalau kazi yenyewe ilikuwa ya maana. Sasa nagundua kwamba hata huko hukuwepo.

Ulikuwa wapi?

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Salamu za afya leo nitaziruka, utanisamehe.

Nilikuwa nyumbani.

Mama yako alipoanza kushindwa kugeuka kitandani, nilimwendea msimamizi nikaomba wiki mbili. Akaniambia anayetaka kupumzika apumzike moja kwa moja, wanaoitaka nafasi yangu ni wengi. Na dawa za mama yako zilikuwa zinatoka kwa kadi yangu ya mfanyakazi. Ningeacha kazi, kadi ingekufa siku hiyo hiyo. Basi nikawa natoka asubuhi na mizani begani ili watu wanione. Nazunguka nyuma ya kiwanda cha matofali, nangoja mtaa utulie, narudi kwa mlango wa uani. Namwogesha. Namlisha kwa kijiko. Nabadilisha shuka. Mchana akilala nami nalala sakafuni pembeni yake. Hakulala peke yake hata siku moja. Fundi cherehani aliona nilichotaka aone.

Sikuwa natoroka kila siku. Siku ambazo Shangazi yako aliweza kuja, nilienda kupima kweli, na zile fomu utaziona zimekunjwa. Lakini orodha ilikuwa na nyumba nyingi na Ijumaa gari linakuja. Kwa hiyo nilikaa kwenye kile kimeza chenye dawa zake, nikaanza kujaza.

Siku ya kwanza aliniuliza naandika nini. Nikasema watoto. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea, nyumba fulani, wa kike, miezi kumi na tisa, kilo tisa. Akasema, "Umembania huyo. Mama yake atasononeka. Mwongezee." Nikakata, nikaandika kumi na nusu. Akacheka, mwanangu. Alikuwa na wiki tatu hajacheka. Tangu hapo ikawa ndiyo shughuli yetu ya alasiri. Mimi nasoma nyumba, yeye anataja kilo. Huyu anaonekana mlafi, mpe kumi na moja. Huyu mama yake ana kaya kubwa, lakini tusimwonee. Homa alikataa kabisa, alisema kwenye fomu zake hakuna mtoto atakayeumwa. Ndiyo sababu umekuta 36.8. Mimi mkono wangu uliandika tu. Kilo ni zake.

Nilijua ni makosa. Usidhani nilikuwa sijui. Nilijiambia ni karatasi, zitaliwa na panya.

Sasa lile ambalo hata Shangazi yako halijui. Oktoba, baada ya mazishi, nilirudi kazini kweli kweli. Kule nyuma ya kiwanda kuna mama mmoja mshona magunia. Nilifika nikaanza kufunga mizani kwenye boriti yake. Akaniambia niifungue, mtoto wa kupimwa hayupo tena. Alikuwa wa miezi ishirini na mbili. Alidhoofika mwezi mzima wa Septemba, akaondoka. Akaniuliza, "Mbona hukuja mwezi uliopita? Tulikungoja." Nikamwambia nilikuwa na msiba. Ilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Fomu yake nilikuwa nimeshaituma. Kilo kumi na mbili. Kazi yetu ilikuwa mtoto akishuka chini ya mstari mwekundu tunampa mama barua, anapokelewa hospitali siku hiyo hiyo bila kupanga foleni. Sijui kama ingemwokoa. Nimelifikiria hilo zaidi ya nilivyofikiria jambo lolote duniani na bado sijui. Ila barua hakuipata.

Baada ya hapo sikukosa nyumba hata moja hadi nastaafu, mvua, jua, mguu. Nilidhani zikiwa nyingi zile za kweli zitazifunika zile nyingine.

Mpe daktari wako barua hii. Nimeandika na karatasi ya pili, fupi, yenye namba yangu na sahihi, kama hutaki asome habari za mama yako. Mpe unayotaka. Lakini mpe.

Baba yako

10 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, nakwambia mwenyewe kabla Shangazi hajakwambia akiona picha.

Nilisoma barua yako kazini, kosa kubwa. Nilijifungia chooni mpaka mwenzangu akaja kugonga.

Nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nikamfuata Daktari ofisini kwake, nikafunga mlango. Nilimwambia kwamba fomu thelathini na nane za Mkusanyaji 17 hazikupimwa, kwamba nimelijua hilo tangu Aprili, na kwamba Mkusanyaji 17 ni baba yangu. Nikampa karatasi fupi. Alivua miwani. Akaniuliza jambo moja tu: "Tangu Aprili?" Nikasema ndiyo. Akasema jedwali lilikuwa lipelekwe kwa wachapaji mwisho wa mwezi huu.

Basi yamekuwa hivi. Thelathini na nane zimetolewa. Fomu zako nyingine zote zimesimamishwa mpaka zikaguliwe moja moja, zile elfu mbili za kweli pamoja nazo. Nilibisha, nikasema hizo zimekunjwa, zina jasho. Daktari akaniambia mikunjo siyo kipimo. Hana kosa. Jedwali limecheleweshwa, na mimi nimeondolewa kwenye programu kwa sababu nilikaa kimya miezi mitatu. Nimepelekwa chumba cha chini, kwenye mashine ya kupiga picha makaratasi. Mkuu wa kitengo alitaka nifukuzwe. Daktari ndiye aliyekataa, na tangu siku hiyo hanisalimu.

Watakuandikia wewe pia. Hawatakushtaki, wanataka maelezo. Waambie kama ulivyoniambia mimi.

Niliuliza kama zile fomu zitafutwa. Hazifutwi, Baba. Humo hakifutwi kitu. Ukizifungua sasa kuna mstari mwekundu juu, "Haikupimwa, isitumike", na chini yake kila kitu kipo. Alasiri yangu ya mwisho kwenye ile meza nilizifungua zote thelathini na nane, moja baada ya nyingine, nikasoma kilo. Nilipofika namba 23 nilisikia sauti yake kabisa.

Nilikuchukia miaka kumi na sita kwa jambo ambalo hukulifanya. Na lile ulilolifanya sijui nilichukulie vipi. Siwezi kukwambia ni sawa. Ningekuwa nakudanganya, na tumeshadanganyana vya kutosha katika nyumba hii.

Nitaomba likizo Septemba. Nitakuja.

Mwanao,
Mama Kwanini

2 Agosti

Mwanangu Mama Kwanini,

Marahaba. Mguu umevimba, na kosa ni langu, nimeutembeza. Shangazi yako hazungumzi nami tangu nilipomweleza yote, ila chai ananiwekea.

Taasisi yenu wameniandikia. Nimejibu kurasa tatu. Hukuniambia ni sawa, na nimekushukuru kwa hilo zaidi ya unavyodhani.

Juzi nilienda nyuma ya kiwanda cha matofali. Sikuwa na uhakika kama bado yupo. Yupo, pale pale, amezeeka kama mimi, anashona magunia kibarazani. Alinikumbuka kabla sijajitambulisha, akaniita mzee wa mizani, akanivutia kigoda. Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka. Nikamwambia tu kwamba ile Septemba sikuja kwake, kwamba nilimwandika mwanawe bila kumpima, na kwamba niliandika ana kilo kumi na mbili. Nikamwambia na habari ya barua ya hospitali, ambayo angeipata kama ningekuja.

Aliendelea kushona. Nilidhani hajasikia, nikataka kurudia. Halafu akasimamisha sindano.

"Kwa hiyo alikuwa na kilo ngapi?"

Nikamwambia sijui.

"Wewe ndiye uliyekuwa mpimaji," akasema. "Alikuwa na ngapi?"

Nikamwambia sijui, mama. Sijui.

Alitazama barabarani. Watu walipita wakatusalimu, akawaitikia kama kawaida. Hakulia, hakunifukuza. Sikumwomba anisamehe, maana nilipofika mbele yake niliona kwamba huo ungekuwa mzigo mwingine wa kumpa. Nilipoinuka ili niondoke, akanisukumia gunia lililokuwa mapajani mwake, akaniambia nishike upande ule, linamteleza.

Nikakaa tena. Nikashika. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akanyoosha mkono kuchukua gunia jingine.

Baba yako